Mama alishika mikro

Denise, uko wapi? Leo kanisani nilisikia haya mpaka nilitaka kuingia chini ya kiti!

Si unajua tunasali ndani ya ile sinema ya zamani. Leo pasta akauliza nani anakumbuka vile ilikuwa. Mama yangu akasimama. Akashika mikro, sauti yake ikajaa kanisa zima!!

"Niliingia humu mwaka wa sabini na ine. Kulikuwa mapazia mekundu, viti laini, watu wamevaa kama siku ya ndoa. Nilikuja na Ferdinand. Kijana muzuri sana."

FERDINAND! Denise, Papa yangu anaitwa Evariste. Na alikuwa ameikaa pale pale kando yake!

Ninamuvuta Mama kitenge, yeye anaendelea tu: "Lakini filamu sikuiona. Walituweka nyuma ya nguzo."

Papa akasimama polepole. Nikasema, leo tumekwisha. Akachukua mikro:

"Ni mimi nilikuwa ninakata tiketi mulangoni. Ni mimi niliwaweka nyuma ya nguzo."

Nyuma ya nguzo, Denise! Kwa kusudi!

Mama akamuangalia: "Kumbe ni wewe?"

"Njo mimi. Nilikuwa ninakupenda, na wewe hata jina langu hukulijua."

Vigelegele! Pasta alicheka mpaka akafuta machozi.

Sasa ibada imekwisha, ninawangojea inje na motari wa kuwabeba na pikipiki, hawatoki. Nimechungulia. Papa amemuikalisha Mama kwenye kiti cha mbele kabisa. Wanaangalia ukuta mutupu, wameshikana mikono.