Soksi kwenye Matundu ya Hewa

Jumatatu, 9 Oktoba

Beseni la nne tena! Utando mwembamba kama wa uji uliopoa. Bakteria wangu wanataka vitu viwili tu: machicha ya plamu yanayobaki watu wakishapika rakija, pombe kali ya matunda, na hewa. Machicha yapo, kijiji kizima kinanuka. Hewa — mashine inafungua matundu ya ukutani yenyewe. Nimempigia Ognjen, fundi aliyeiunda. Kasema matundu yako wazi, dada, usiisingizie mashine. Nimemkatia simu.

Ijumaa anakuja Bwana Tadić wa kiwanda cha viatu. Utando ukifika sentimita moja, tunaukausha unakuwa ngozi, naye anaagiza ya mwaka mzima. Usipofika, ushirika unachukua banda lao, wanaweka viazi. Miaka sita yangu — viazi!

Jumanne, 10 Oktoba

King'ora mara tatu kabla ya kahawa. Hewa haitoshi. Ognjen kaja mwenyewe, kaikodolea macho kompyuta, ukuta hakuutazama. Kala pilipili za kuchoma za mama mkwe sahani mbili, kaondoka. Mama mkwe ndiye anayetufagilia banda. Kasema kijana mzuri, ila anatembea shingo wazi.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimepanda ngazi. Kila tundu lina soksi! Soksi za sufu za marehemu baba mkwe, zimesokomezwa barabara, jozi tano. Kikulacho ki nguoni mwako — kweli kabisa.

"Mama, ni wewe?"

"Sasa nani? Matundu huku, matundu kule, promaja, upepo huo wa kuua watu, inapita katikati, na vidudu vyako vimelala majini. Unataka vipigwe na baridi ya figo?"

"Mama, havina figo!"

"Hata baba mkwe wako Radoje alisema yeye hadhuriki. Alikaa kwenye promaja, tukamzika Februari."

Nilipiga kelele. Naona haya. Nilizichomoa zote, naye akazipokea, akazikunja mbili mbili, akaenda zake.

Alhamisi, 12 Oktoba

Milimita nane! King'ora kimya kutwa. Mama mkwe bado ana hasira. Kahawa kaitua mezani kwa kishindo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Naandika stoo, nimeegemea mlango. Milimita tisa na nusu. Tukiacha matundu wazi, saa tisa tunafika. Lakini Tadić kaja saa nne! Na skafu mbili. Kaingia, kasimama katikati, kashika kiuno.

"Jamani, promaja gani hii! Mnataka kuniua? Zibeni, au narudi garini."

Matundu yakizibwa, hatufiki. Yasipozibwa, anaondoka. Na mimi — msomi mzima — nimegundua nimeinua kola.

Mama mkwe anagonga. Leo hakufanya lake, kaja kuuliza kwanza.

"Binti, soksi ninazo hapa mfukoni. Nizibe, au nisizibe?"

Tadić anakohoa. Namwambia subiri, mama, subiri kidogo —