Baba, Kibali Kimetoka

Mwaka umetimia tangu ututoke, Baba, na leo tumeshindwa kukaa kimya: kibali kimetoka! Jumamosi asubuhi redio yako inarudi hewani, na safari hii hatujifichi.

Mtaani walikuita Fundi Mawimbi. Mchana ulitengeneza redio za watu. Jioni ulijifungia chumba cha uani, umetundika magodoro ukutani kuzuia mwangwi, ukatangaza kwa mtambo uliouunda mwenyewe. Maji yakirudi bombani, tulisikia kwako kwanza. Mtoto akipotea, ulimtangaza mpaka apatikane. "Mwenye mbuzi wa madoadoa aje upesi," ulisema siku moja. "Ameshamaliza madaftari ya mwalimu, sasa anamtazama mwalimu mwenyewe." Kicheko cha mtaa mzima kiliingia dirishani.

Antena yako ilikuwa ule waya wa kuanikia nguo. Wakaguzi wa redio walipopita, Mama aliwahi na beseni la nguo, akazianika. "Jamani, mnatafuta nini kwenye nguo za ndani za mume wangu?" aliwauliza. Waliondoka wakitazama chini.

Halafu ikaja siku ya mablanketi. Mama aliyaanika yakiwa yanachuruzika maji, matangazo yakaanza kukwaruza. Nawe, ambaye hukuweza kuwaficha wasikilizaji jambo lolote, ukasema hewani, "Samahanini kwa mikwaruzo. Mke wangu ameanika mablanketi mekundu juu ya antena."

Kumbe wakaguzi nao walikuwa wasikilizaji wako. Walifika wakiulizia nyumba yenye mablanketi mekundu.

"Mzee, si umetuelekeza mwenyewe!" alisema mmoja wao, akiubeba mtambo huku anacheka.

Hukukasirika. Ulianza palepale kuhangaikia kibali, ukawa unaenda na kurudi, unaambiwa njoo wiki ijayo. Ulitutoka kabla hujajibiwa. Neno ulilomwachia Mama lilikuwa moja: "Msiwaache wenzetu bila redio." Alilishika. Kila ofisi ulikoambiwa urudi, alirudi yeye, mpaka wakachoka wao.

Ungeiona nyumba sasa! Kaka yuko juu ya paa anafunga antena ya kweli, na shangazi amesimama chini anamwelekeza asichokijua. Majirani wanatusimamisha njiani: "Jumamosi? Kweli kweli?" Mimi nitakaa kwenye mitambo, unajua kuongea si kazi yangu. Atakayefungua matangazo ni Mama. Tulimsihi afanye mazoezi, akakataa katakata.

"Nikifanya mazoezi nitalia."

"Na ukilia hewani, Mama?" Kaka akamuuliza.

"Nikilia hewani, watajua ni redio yake."

Unakumbukwa na mkeo, mwanao aliye juu ya paa, mkwe wako, bintiyo wa mitambo, dada yako, wajukuu zako na mtaa mzima unaosubiri kuwasha redio. Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, siku zote za maisha yetu.