Siku ya Kumfukua Argiris

Athene, Jumamosi

Mdogo wangu mpenzi Polixeni,

Nakusalimu wewe na shemeji, nikitumaini kifua chako kimepona. Sisi huku wazima. Mama bado anapanda ngazi bila kushikwa mkono, na ulimi wake haujazeeka.

Jana tulimfukua kaka yetu Argiris. Wanao waliozaliwa huko Melbourne uwaeleze: makaburi yetu ya kale yamejaa, kwa hiyo baada ya miaka mitatu marehemu hutolewa, mifupa yake ikaoshwa kwa divai na kuwekwa sandukuni.

Theano, mjane wake, aliniuliza njia nzima itakuwaje akikutwa hajaoza. Nilimweleza kwamba udongo wa mfinyanzi huchelewesha, na dawa za hospitali pia. Hakunisikia. Alikuwa akiikumbuka laana ya Mama, siku Argiris alipomwoa yeye, mwanamke aliyeachika: "Udongo usikule."

Mama naye alikuja. Alisimama kando ya malaika wa marumaru, asimtazame mkwewe. Jirani yetu Fotini akamwuliza kwa sauti ya asali kama leo tutaona nguvu ya mdomo wake. Mama akamjibu aiombee siku atakayofukuliwa yeye mwenyewe, maana wifi zake nao wana midomo.

Mchimbaji alipofikia mbao za jeneza aliacha sepetu, akaendelea kwa mikono. Kucha za Theano ziliniingia mkononi. Kisha fuvu likainuliwa, safi, la manjano kama nta. Mchimbaji akasema udongo umemla vizuri, amepumzika.

Fotini akacheka. "Kumbe laana yako haina meno, bibi."

Mama akaichukua chupa ya divai mikononi mwa Theano, akapiga magoti, akaanza kuosha.

"Niliifuta jioni ileile," alisema. "Nilikuwa namsubiri aje aniombe radhi, nimwambie."

Theano akapiga magoti kando yake. "Naye alikuwa anasubiri umwite, Mama."

Wakaosha pamoja mpaka divai ikaisha.

Sasa nikuambie nililokatazwa. Tulipofika nyumbani, Mama aliniuliza kama namba yako ya simu ni ileile. Nikasema nikupigie. Akakataa: wewe ndiye mdogo, uliyehama bila baraka zake, uanze wewe. Kumbe na wewe anakusubiri, nawe miaka yote hii unaamini hataki kukusikia.

Piga, dada yangu. Jumapili baada ya ibada huwa peke yake, na simu ipo karibu na kiti chake.

Theano anakubusu. Watoto wapokee salamu za mjomba wao.

Kaka yako akupendaye,
Stamatis