Mguu si Kuni

Chumba cha juu, nyuma ya dobi,
Jumatatu asubuhi.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na salamu kama tulivyolelewa, ingawa leo mkono una haraka kuliko adabu. Umeamkaje? Homa imeshuka? Chakula kinapita, au bado unakitazama tu mpaka kipoe? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku za baridi hulalamika kama mpangaji, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu. Dobi wa chini ameshawasha mashine zake na sakafu yangu inatetemeka, ndiyo maana herufi zinacheza. Usidhani ni uzee. Uzee upo, lakini leo ni dobi.

Barua hii naiandika kwa mkono. Nikimaliza, binti wa jirani ataipiga picha, ukurasa baada ya ukurasa, amtumie mwanao, naye akaichapishe dukani akuletee hapo wodini. Nimemwagiza asikusomee. Vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Ningeweza kukupigia simu, na ingefika upesi zaidi, lakini sitaki uisikie sauti yangu. Sababu utaiona mbele.

Mwanao alinipigia jana. "Mjomba, mama amegoma," akasema.

Nikamuuliza umegoma nini, kula?

"Kukatwa. Kila daktari akija anamwambia mguu si kuni. Wodi nzima wanacheka. Sasa hata bibi wa kitanda cha pili naye kagoma sindano, anasema tako si mto wa pini."

Nilicheka, dada. Nilicheka kabla sijaelewa.

Kisha akanieleza yaliyobaki. Kwamba vidole vitatu vimekuwa vyeusi. Kwamba uvimbe umeshafika kwenye kifundo. Kwamba daktari anataka kuondoa sehemu ya mbele ya mguu siku ya Alhamisi, na ukichelewa atakuja kuzungumzia goti. Na kwamba wewe umemjibu huwezi kukatwa na kabinti kanakovaa raba za mazoezi. "Daktari gani anavaa raba?" Dada, anavaa raba kwa sababu anashinda amesimama. Daktari Subira wangu, yule niliyemwigiza, alivaa viatu vya ngozi vinavyolia sakafuni kwa sababu alikuwa redioni, na hata viatu vyenyewe havikuwa vyangu. Vilikuwa vya fundi wa sauti, tuliyemwita Fundi Kelele, na alivivaa mikononi akavitembeza juu ya ubao.

Hebu tumzungumzie huyo Subira, maana naona amelazwa nawe kitanda kimoja.

Unakumbuka jinsi alivyopendwa. Kila Jumapili baada ya taarifa ya habari watu waliacha masufuria motoni wakakaa karibu na redio kumsikiliza daktari asiyechoka, asiyekosea na asiyemwambia mgonjwa "njoo kesho". Nilikuwa kijana mwembamba niliyeogopa hata damu ya kuku, lakini nikifungua mdomo mbele ya kipaza sauti, taifa zima lilipona. Muuza nyama alinikatia nyama nzuri isiyo na mfupa bila kupokea pesa. Wazee waliniamkia mimi. Njiani watoto walipiga kelele, "Mguu si kuni, daktari!" nami nikawapungia mkono kama mtu aliyeyatunga maneno hayo.

Sikuyatunga. Wewe ndiye uliyeyasema, na ni sisi wachache tu tunaojua.

Ulikuja studio siku ile kuchukua ufunguo wa nyumba niliokuwa nimeondoka nao. Mchezo ulikuwa unakwenda hewani moja kwa moja, kwa hiyo wakakukalisha pembeni na kukuonya usipige hata chafya. Tulikuwa tumefika pale fundi mwashi aliyeangukiwa na ukuta analetwa chumba cha upasuaji. Fundi Kelele akatwaa msumeno akaanza kukata kipande cha kuni karibu na kipaza sauti, kwarara, kwarara, na wewe ukaruka kutoka kwenye kiti: "Jamani! Mguu si kuni huo!"

Mtunzi wetu, aliyekuwa nyuma ya kioo, alijishika kichwa. Mimi nikafanya kile ambacho kimenipa riziki na kunivunjia heshima maisha yangu yote: nikaidaka sauti ya mwingine. "Mmemsikia muuguzi?" nikasema kwa sauti ya Subira. "Mguu si kuni. Wekeni msumeno chini. Subira huvuta heri."

Kesho yake nchi nzima ilikuwa inayasema maneno yale. Muuguzi hakuna aliyemkumbuka.

Lakini hujawahi kusikia alichoniambia mtunzi kwenye mkahawa wa watumishi, huku moshi wa sigara unamtoka puani. "Umeniharibia, Kasuku. Sasa huu mguu nitauponyaje?" Katika mchezo aliouandika, fundi mwashi alikuwa akatwe mguu jioni ile ile. Angeamka akalia, akamtukana daktari, na Jumapili ya pili tungemsikia amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba anayoijenga, anawafokea vibarua wake: "Tofali hilo limelala, linyanyue!" Angeishi mpaka mwisho wa mchezo na angetuchekesha kuliko wote. Badala yake mtunzi alilazimika kubuni dawa ya kupaka isiyo na jina, na mguu ukapona. Basi, usiniambie tena kwamba Subira aliuokoa mguu ule. Uliokolewa na mtunzi mwenye deni la kurasa nane za mchezo na watu waliotaka kufurahi.

Najua unasoma hapa na kusema, "Huyu ananiona mjinga, kana kwamba sijui mchezo wa redio ni mchezo." Unajua. Ulijua tangu siku ya kwanza. Wewe huamini redio, dada, wewe unaogopa, na mtu anayeogopa hushika fimbo iliyo karibu. Fimbo hiyo nilikuachia mimi, na si zamani zile. Ni juzijuzi tu.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima raha, nalo nitaliandika bila kulipamba.

Uliponipigia mara ya kwanza, kidonda kilikuwa bado kidogo, umesuguliwa na kiatu kipya. Ulianza kwa utani wako: "Hodi, Daktari Subira yupo?" Hujui utani ule ulinifanya nini. Huku ugenini nimeishi nusu ya umri wangu, na karibu wote niliutumia katika chumba cha chini cha maktaba, najalidi vitabu vilivyochanika. Gundi na uzi havihitaji sauti. Kuna wiki zilipita sikusema neno zaidi ya "asante" na "mlango". Hakuna mtu katika mji huu anayejua kwamba koo hili liliwahi kunyamazisha nchi. Basi ulipobisha hodi kwa Subira, nilinyoosha mgongo, nikasafisha koo, na yeye ndiye aliyekuitikia.

"Ndiyo, mama. Tatizo ni nini?"

Ukacheka. Ukaniambia kuna kidonda kwenye kidole, hakiponi. Nikakuuliza, kwa ile sauti nzito, kama kinauma. Ukasema, "Hata hakiumi, ndiyo ajabu yake." Nami, ninayejua vizuri kwamba una sukari, nikakujibu: "Kama hakiumi, si kitu. Kichovye kwenye maji ya moto yenye chumvi, kifunike, tusubiri tuone. Subira huvuta heri." Tukacheka wote wawili, tukaingia kwenye habari za mjukuu wako na bei ya sukari ya dukani. Ulikuwa na miadi ya kliniki wiki ile. Mwanao ameniambia jana kwamba hukwenda. Ulimwambia, "Mjomba wako wa vitabu amesema tusubiri."

Ulimpigia ndugu yako, akapokea mwigizaji. Na ulipofunga simu, mwigizaji alikaa kitandani akijisikia vizuri. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Siku ile nilijisikia vizuri sana. Nilikwenda mpaka kujinunulia mkate wa zabibu.

Jana baada ya simu ya mwanao nilivaa koti nikaenda zahanati ya mtaa huu. Daktari wa hapa ni mtu mzima mwenye macho ya usingizi, anayekula biskuti juu ya faili za watu. Nilimweleza kidonda chako. Nilipofika kwenye neno "hakiumi" aliiweka biskuti chini. Akaniambia mwenye sukari akipata kidonda mguuni asichokisikia, huyo ndiye wa kukimbizwa, kwa sababu ganzi si nafuu, ni mlinzi aliyelala. Tena asichovye kwenye maji ya moto, maana hatajua akiungua. Kisha akaniuliza, "Nani alimwambia asubiri?"

Nikasema, "Jamaa mmoja."

Hata pale, dada. Kwa mtu asiyenijua, katika chumba chenye watu wawili tu, nilishindwa kusema ni mimi. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye mguu.

Katika vitabu nilivyovishona nimesoma sana habari za madaktari. Wa hadithi wanafanana: hufika katikati ya dhoruba wamelowa, huonja dawa yao wenyewe, hugundua ugonjwa kwa kunusa pumzi ya mgonjwa. Hapa chini kwa dobi kuna televisheni, na humo wamo wengine wenye nywele nzuri, wanaomaliza ugonjwa mkubwa kabla ya matangazo ya sabuni. Jirani yangu fundi cherehani huwatazama kila siku, na kila wiki ana ugonjwa mpya.

Wale wa kweli, waliopita duniani, habari zao ni nyingine. Yuko mmoja aliyewasihi madaktari wenzake wanawe mikono kabla ya kuwazalisha akina mama. Walimkasirikia, na heshima yake ilikuja baada ya kuzikwa. Yuko mwingine aliyeshuku maji ya bomba moja la mtaani wakati wa kipindupindu, akashawishi mpini wake ung'olewe, watu wasichote. Hakuna aliyewapigia makofi. Walisema jambo ambalo mwenye kulisikia hakulitaka. Nimewajalidi wote hao kwa mikono yangu, migongo yao nimeipaka gundi, na bado siku uliponihitaji niliwapita wote nikamchukua yule wa viatu vya kukopa.

Huyo kabinti wa raba amekuambia jambo usilolitaka. Sijui kama atawahi kuwa maarufu. Namwomba Mungu asiwe. Namwomba awe na mkono mwepesi siku ya Alhamisi, na wewe uwe kitandani kwake.

Tumekua tukiambiwa subira huvuta heri. Ni kweli, ila waliotuambia walituambia pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na ni mimi niliyechagua methali iliyonipendeza mdomoni. Sikuombi unisamehe. Hilo lina wakati wake, na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie miaka mingi, ukae kwenye kiti mlangoni kwako unifokee kwenye simu kama yule fundi mwashi na vibarua wake. Ninachokuomba ni kimoja: huyo binti akija na kalamu, weka sahihi.

Mguu si kuni. Ulisema kweli siku ile, na hata leo ni kweli. Mguu huo umekubeba sokoni, umekupeleka kwenye mazishi ya baba na mama nilipokuwa huku nimefungiwa njia ya kurudi nyumbani, umekanyaga ile ardhi kwa niaba yangu pia. Ulilie, una haki. Lakini na wewe, dada, si mguu.

Nisalimie mwanao, na umwambie mjomba hakukasirika kwa ukali wake wa jana. Kila alichosema nilistahili. Msalimie mkewe anayekuletea uji, na mjukuu wetu, yule Bibi Mdogo anayempangia kila mtu kazi. Msalimie na bibi wa kitanda cha pili, umwambie akubali sindano, kwani mambo ya kugoma yameishia kwako. Na huyo daktari, ukimwona, mpe salamu za "jamaa mmoja".

Mungu aliyekulinda bila mimi miaka yote hii aendelee hivyo hivyo, akushike Alhamisi, akuamshe Alhamisi, akupe hasira ya kutosha kukusimamisha.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyejua tiba yoyote,
Kasuku.

Tena: ukishazinduka, mwambie mwanao anipigie, simu uishike mwenyewe. Usibishe hodi kwa mtu mwingine yeyote. Nitakuitikia kwa sauti yangu. Ni nyembamba, ina kikohozi, na siku hizi inatetemeka bila hata dobi kuwasha mashine. Usipoitambua, ndiyo hiyo.