Rangi ya Kucha ya Mama

Jumapili, Kilosa. Mvua imetupa nafasi na jua limetoka kali. Asubuhi asubuhi nimeshika msasa, nimeanza kusugua kutu kwenye pikapu ya baba.

Kutu yenyewe si kubwa. Ni madoadoa tu, juu ya matairi na chini ya milango. Ila baba hajapanda gari hili tangu tumzike mama. Sokoni anakwenda kwa bodaboda, mzee mzima, kofia kaishika isipeperuke. Nikajidanganya kwamba gari likipendeza atarudi humo.

Sasa shida. Kila doa la kutu mama alilipaka rangi yake ya kucha, nyekundu, kwenye gari jeupe! Eti anazuia kutu isitambae. Majirani walicheka mpaka basi: gari lenu lina surua. Yeye wala. Alipaka, akapuliza likauke, kama anapuliza kidole cha mtoto kilichoungua.

Kumbe kutu ilikuwa inakula chini kwa chini. Nilipogusa doa la kwanza, rangi ilibanduka na kipande cha bati.

Nikashindwa kuendelea. Nililia, nisifiche.

Baba akatoka na kigoda, akakaa karibu. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Hakuuliza ninalia nini.

"Marahaba. Sugua, mwanangu. Mama yako hakupaka ili tuitazame rangi. Alitaka gari lisioze."

Basi nikasugua mpaka bati likang'aa, nikafuta vumbi, nikapaka rangi ya chini, ile ya kijivu. Doa la mlango wa kushoto baba alilisugua mwenyewe, polepole mno. Sikumharakisha.

Tukisubiri ikauke nikajikaza, nikamwambia kesho twende Mikumi tukamsalimie dada. Nikamuuliza kama ataendesha.

Akainuka kigodani.

Kisha akafungua mlango wa kushoto kwa uangalifu, akapanda. Akakaa kwenye kiti cha mama. Akashusha kioo, akaegemeza kiwiko dirishani.

"Utaendesha wewe," akasema. "Miaka yote mimi nilikuwa natazama barabara tu. Sijui mwenzangu alikuwa anatazama nini."

Mungu wangu. Nikajifanya naokota msasa.

Rangi nyeupe itasubiri. Kesho tunaondoka na madoa yetu ya kijivu, watakaocheka wacheke. Nitakwenda taratibu, aone.