Manjano ku sikio

Aimée, uko? Nimetoka ku docta sasa hivi, hapa Kasese. Haya inaniua.

Unajua ile kidonda ya sikio, ile nafichaka na kitambaa ku soko ya Bwera? Asubuhi niliipaka alovera na manjano, vile tulizoea sisi maalbino wawili. Docta akashtuka: "Hii usaha imeanza lini?" Usaha! Nikasema hapana docta, ni dawa, ni manjano.

Akapangusa. Akaangalia kidonda karibu. Halafu akasema iko kansa ya ngozi. Manjano, batu ba sayansi bado banaipima mu labo, pengine siku moja itatoa dawa, lakini hii yangu ni ya kukata, na haraka.

Akauliza: "Mutu wako iko wapi?" Mi nikajua anauliza bwana! Nikasema alienda na mwingine. Nesi akacheka.

Docta akasema hapana mama, mutu wa kukulinda ku kitanda tukimaliza kukata, bila yeye hatukati.

Mutu wa kukulinda. Aimée, nilitafuta jina mu kichwa, nikatafuta, nikatafuta.

Nikasema wewe. Sikusema ulirudia Butembo, ngambo ya mupaka.

Batakupigia. Ukishika simu, sema uko Bwera.