Banio la Mfongo Wetu

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Nimekata majani ya ng'ombe, nimechota maji kwenye mfongo, ule mfereji wa ukoo wetu, nimechelewa kuhesabu namba shuleni. Mwalimu wa jiografia ametangaza: Jumamosi tunapanda hadi kwenye banio, ukuta ambao wazee waliujenga mtoni ili maji yageukie mfongoni. Kila mtu atachora. Nataka kuwa mhandisi. Hapa naweza kuandika hivyo.

Alhamisi, 7 Septemba
Babu ndiye msimamizi wa mfongo. Amesema wavulana watafika, wasichana tutaishia kwenye bwawa la mfongo, chini ya banio. Mwanamke hafiki kwenye banio, ndivyo wazee walivyokuta. Mama kaniambia ninyamaze. Nimenyamaza. Nina hasira.

Jumamosi, 9 Septemba
Tumepanda saa mbili. Migomba ikaisha, msitu ukaanza. Bwawa lina ukuta wa udongo na mawe. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi. Babu akasimama. "Wasichana, hapa."
Aloyce wa darasani kwetu akageuka: "Tutawasalimia maji, madada!"
Wakacheka. Nikachora bwawa. Kisha nikaukagua mfereji unaoliingia. Kingo hazina alama hata moja ya mafuriko.
Wavulana walirudi wameloa. Walioga kwanza, wakachora baadaye. Wote wamechora ukuta ulionyooka, ukingo hadi ukingo. Nikamwambia Babu haiwezekani. Masika mto ungeuvunja, au ungetuletea mafuriko mferejini. Lazima umelala mshazari, na umeuachia mto njia.
"Nani kakupeleka huko?"
"Hakuna, Babu. Nimeangalia mfereji."
Aloyce akasema nimeota.

Jumapili, 10 Septemba
Baada ya misa Babu hakunisemesha. Naogopa nimemvunjia heshima.

Jumatatu, 11 Septemba
Nimekabidhi mchoro wenye bwawa tu. Sikutaka kuchora nisichokiona. Mwalimu kaandika: haujakamilika.

Jumamosi, 16 Septemba
Alfajiri Babu alikuja jikoni. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Chukua panga, banio linataka kusafishwa. Ukiulizwa, mimi nimekutuma." Mama aliendelea kuchochea moto.
Bwawani Babu hakusimama.
Ukuta ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Mawe, vigogo vya migomba, majani yaliyoshindiliwa. Umelala mshazari. Mto unapita pembeni yake bila haraka.
Babu akakunja suruali, akaingia, akaanza kutoa matawi yaliyonasa. Nami nikaingia. Maji yale ni baridi sana.